Umeme wa Mtu Mmoja

Kitale,
Jumapili jioni.

Ndugu yangu Absalom,

Kosa la watu wengi ni kununua betri kwanza na kupiga hesabu baadaye. Kosa kubwa kuliko hilo ni kuanza kuzungumzia betri kabla ya kujuliana hali, kwa hivyo pokea salamu zangu. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima. Mahindi yameingia ghalani, na baridi ya asubuhi ya huku kwetu unaijua. Wasalimie Hillary na mkewe Viola. Nilicheka sana kusikia kwamba Viola anaanika nguo za watoto kwenye ubavu wa boti yako. Boti iliyo katikati ya migomba ya Bungoma haina budi kufanya kazi fulani ikingoja maji.

Najua majirani wanakuita Nuhu na kukuuliza gharika ni lini. Waache. Ulikuwa afisa wa samaki miaka mingi kule Port Victoria, na tangu tumzike mkeo Wilkista umekuwa ukisema nyumba yako imepanuka. Uliponiambia utakwenda kuishi botini ziwani, ukasema, "Gathii, mimi sihami, narudi," nilikuelewa upesi kuliko mwanao. Hata hivyo, Hillary simlaumu. Kusema kwamba hatakodi lori la kubeba boti mpaka ajue baba yake atakuwa na nani huko majini si ukaidi.

Sasa betri. Hillary amekwambia moja ya ampea mia moja inatosha, ati kwa sababu betri kama hiyo inawasha nyumba yake ya kuku bila shida. Kuku, bwana afisa, hawana friji. Anza na matumizi. Chukua kila chombo, tazama kinakula wati ngapi, kisha zidisha kwa saa ambazo kitafanya kazi kwa siku. Taa zako tatu za wati tano tano, kwa saa nne, ni wati-saa sitini. Friji ndogo ya dawa yako ya sukari ni wati arobaini na tano, lakini hulala na kuamka. Tuseme saa nane kwa jumla, hiyo ni mia tatu na sitini. Pampu ya maji na simu, ishirini na tano. Redio uliniambia ni ya wati kumi, na kwamba utaifungua saa moja tu, upate taarifa ya habari. Jumla ni mia nne hamsini na tano kwa siku.

Betri hiyo ya Hillary, ampea mia moja kwa volti kumi na mbili, imebeba elfu moja na mia mbili, lakini betri ya asidi haipendi kunyonywa zaidi ya nusu. Ukiizoeza hivyo, inakufa mapema. Basi ina mia sita za kutumia, na mia sita hizo ni za siku ambayo jua litarudi kesho yake. Mawingu ya ziwani unayajua kuliko mimi. Nunua mbili, uzifunge chini katikati ya boti ili isiegemee upande mmoja. Hapo una mia sita kwa siku, hata siku mbili zipite bila jua. Ukipita hapo, siku ya pili friji inazima na dawa inaharibika, na hapo hii haitakuwa tena hesabu ya wazee wanaopoteza wakati.

Sikutaka kukutumia hesabu ya ubaoni. Kwa hivyo wiki iliyopita nilizima stima ya nyumba nzima, nikaishi sebuleni na jikoni tu kana kwamba niko ndani ya boti, nikitumia betri yangu ya sola na vyombo vinavyofanana na vyako. Kila jioni mita ilikataa kukubaliana na karatasi. Nilishuku friji, nikaichunguza, haikuwa na hatia. Ilikuwa redio. Naifungua ninapobandika chai asubuhi, naifunga nikishaingia kitandani. Saa kumi na sita. Wala siisikilizi, ukiniuliza habari za leo sina hata moja.

Asubuhi moja Waruguru, jirani anayeniletea maziwa, alisimama mlangoni akasalimia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kukatiza mazungumzo. Akauliza, "Mwalimu, kumbe uko na wageni?" Nikamjibu ndiyo. Kesho yake alileta maziwa mara mbili, akasema yale mengine ni ya wageni, akakataa malipo. Niliyachemsha yote, nikayanywa peke yangu hadi yakaisha, redio ikiongea. Jambo hili sijamwambia mtu. Mke wangu Rahab angekuwa hai, angenicheka, lakini angekuwa hai nisingekuwa na redio ya kumdanganyia jirani.

Sasa weka saa hizo kumi na sita kwenye karatasi yako. Unapata mia sita na tano. Umepita mpaka. Usiniambie wewe utafungua saa moja tu, Absalom. Kila ukinipigia simu nasikia watu wa redio wakizungumza nyuma yako.

Kisha nikarudia hesabu, nikaandika watu wawili. Simu ya pili, kumi na tano. Taa ya pili ya kusomea, ishirini. Redio nikairudisha saa moja, kwa sababu wawili wana mengi ya kubishania. Inakuja mia nne na tisini. Niliikagua tena nikidhani nimekosea. Wawili wanatumia umeme mdogo kuliko mmoja.

Kuogelea sijui, na hilo usimfiche Hillary. Lakini betri nitazitunza, na chai yangu unaijua. Kama ulitaka kuwa peke yako na maji, niambie wazi. Betri zitakuwa ni zilezile mbili, nami nitakupangia saa za redio bila kinyongo.

Mungu akulinde wewe na wote wa boma lako. Ukipita kando ya kaburi la Wilkista, mwambie mwalimu wa Kitale anamsalimu.

Ni mimi ndugu yako,
Gathii

Leo hii uisomapo barua, mwombe Viola aanue nguo, kisha chukua futi upime kama upande wa kushoto wa boti unatosha kitanda cha pili.