Kipande cha Bati Nyuma ya Beringi

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla sijamtamkia mdogo wangu neno ambalo sitaweza kulirudisha mdomoni, maana nimefika mahali nalala na hasira naamka nayo, na mke wangu ameniambia kama bado nina la kusema nikuandikie wewe, masikio yake yamechoka. Mimi ni fundi wa magari makubwa, mwaka wa ishirini na sita huu, na mikono hii ndiyo imesomesha watoto wanne. Mdogo wangu wa kike, tumetoka tumbo moja, ana lori lake la kubeba saruji na matofali, ndilo linalomlisha, na mumewe, yaani shemeji yangu, ndiye dereva wake. Tangu lori hilo liingie kwenye familia hakuna fundi mwingine aliyeligusa, miaka kumi na moja, injini nimeishusha mara tatu, na sijawahi kumwomba chochote zaidi ya vipuri.

Sasa mwezi uliopita injini ilikufa njiani, mzigo umejaa, lori liko kwenye mteremko. Koni rodi moja, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, ilikatika ikatoboa bloku, mwili wenyewe wa injini, tundu ambalo mimi napitisha ngumi, oili yote ikamwagika barabarani. Namshukuru Mungu shemeji aliliegemeza lori kwenye ukingo wa udongo likasimama, hakuna aliyekufa, ni mkono tu uliteguka kwa sababu injini ikizima usukani unakuwa mzito, lakini hilo silo lililonifanya niandike.

Lililonifanya niandike ni hili. Lori lilivutwa mpaka uani kwangu, nikafungua, nikaona hali, nikamwita mdogo wangu nimweleze mpango. Tundu la bloku nitaliziba kwa kipande cha chuma, yupo mchomeleaji ninayemwamini, koni rodi nitatafuta, na krenki, mhimili unaozungushwa na koni rodi, ingawa imeshachongwa mpaka saizi ya mwisho na hakuna beringi nene zaidi ya ile iliyokuwamo, nitajua la kuifanya kama nilivyojua mara iliyopita. Kabla sijamaliza ananiambia, amesimama palepale kwenye grisi na mkoba begani, "Kaka, injini hii imetosha. Nimepata nyingine, imetumika lakini iko salama, na ataifunga Kipimo."

Mshauri, huyo Kipimo mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana. Alikuja kwangu hajui kutofautisha oili ya gia na oili ya injini. Leo ana gereji yake, na watu wamempa jina hilo kwa kuwa hafungi hata nati moja bila kuipima, kazi ya siku moja anaifanya siku tatu, na wateja wanamsubiri wamekaa foleni wanakunywa chai. Ndiye wa kuniingilia kwenye lori la mdogo wangu, mimi ambaye nikiweka sikio kwenye injini nakwambia silinda gani inaumwa?

Nikamjibu, injini haina kosa, kosa ni la mumeo, anakanyaga mno. Shemeji alikuwa amekaa juu ya tairi, mkono umefungwa shingoni, akasema, "Shemeji, nilikuwa gia ya pili." Basi hiyo ndiyo heshima iliyobaki kwenye ukoo huu, dereva anambishia fundi mbele ya watu.

Nikueleze yote usije ukasikia kwa wengine. Mara ya mwisho niliposhusha injini, miezi minane iliyopita, beringi ya koni rodi moja ilikuwa inacheza kwenye krenki na saizi zimekwisha, na mdogo wangu nilishamwahidi lori Ijumaa. Nikakata kipande cha bati la kopo la maziwa, nikakipachika nyuma ya beringi, ikakaza. Sisi wa zamani tumelifanya sana jambo hilo. Injini ikanyamaza, hata mdogo wangu akanisifu. Habari za bati sikumwambia, kwani daktari humweleza mgonjwa kila anachomfanyia? Ufundi ni kubuni. Hicho kipande nimekikuta chini kwenye beseni la oili, kimekunjamana, nikakitia mfukoni, maana namjua Kipimo, akifika tu atauliza beringi ile ilikwendaje.

Kwa hiyo nimefunga geti. Lori liko ndani, ufunguo ninao mimi, na nimetangaza kwamba siku spana ya Kipimo itakapogusa lori hilo, undugu umeisha. Mdogo wangu hajanipigia simu siku ya tisa leo, na nasikia wateja wake wameanza kuhamia kwa wengine. Je, nimlazimishe tutengeneze ile ile, au nikubali injini nyingine ila niifunge mimi? Na nani amemwambia mtoto wa mama yangu kwamba kaka yake hawezi?

Ni mimi,
Fundi Niliyedharauliwa

*

Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Jina ulilojipa nimeliacha chini ya barua yako, mimi sitakuita hivyo.

Nianze na ulichouliza, maana ni chepesi na jibu umeliandika mwenyewe. Ingekuwa ringi zimekwisha au gasketi imeungua, ningekwambia tengenezeni, injini mnayoijua ni bora kuliko ya mgeni. Lakini bloku ina tundu la kupitisha ngumi, na krenki imechongwa mpaka hakuna cha kuchonga. Unataka kutengeneza nini hapo? Injini hiyo imekwisha, inunuliwe nyingine, na wewe ulilijua hilo kabla mdogo wako hajafika uani.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe. Mimi si mtu wa grisi, kwa hiyo nilimpigia simu fundi mmoja wa malori, mtu asiyekujua wala hatakujua, nikamsomea maneno yako kuanzia kwenye kopo la maziwa. Nilipomaliza akauliza, "Dereva alipona?" Hakuuliza injini ya aina gani, hakuuliza lori la nani. Fundi mwenzako aliye mbali, hajawahi kula na shemeji yako sahani moja, hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, na wewe katika kurasa tatu hujaliuliza hata mara moja.

Mkono tu, unasema. Huyo dereva alikuwa kwenye mteremko na mzigo wa saruji mgongoni, injini imetoboka, usukani umekuwa jiwe, na akaupindisha kwa nguvu zake mwenyewe mpaka kwenye udongo. Alikwambia alikuwa gia ya pili. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mtu aliye gia ya pili mteremkoni amejizuia, anashuka kama inavyotakiwa. Ulijua, bati liko mfukoni mwako wakati huo huo, na bado ukamtupia lawama mbele ya mkewe. Halafu unaniandikia mimi habari za heshima kwenye ukoo. Una uso gani, Fundi?

Na daktari, ndiyo, humweleza mgonjwa anachomfanyia. Yule asiyemweleza tunamwita jina jingine.

Uchungu wako siukatai. Miaka kumi na moja ya kumfanyia ndugu kazi bila ujira si mchezo, na mdogo wako angeweza kukuita pembeni badala ya kukutajia Kipimo mbele ya mumewe. Hilo nakupa. Kuona uliyemfundisha anaitwa wakati wewe upo kunauma, hata mimi kungeniuma. Lakini hukufunga geti kwa uchungu. Umelifunga kwa sababu Kipimo atapima, na akipima atajua bati lako lilichomoka likaua injini, na akijua mdogo wako atajua. Kwa ajili ya hilo unamkalia lori lake siku tisa na wateja wanamkimbia. Angekuwa mtu baki amekufanyia hivyo mdogo wako, ungeshafika kwake na spana mkononi.

Fanya hivi, na ufanye leo. Fungua geti. Kile kipande cha bati mkabidhi mdogo wako mkononi, umwambie kilikuwa wapi, nani alikiweka na kwa nini, na habari za mafundi wa zamani ziache nyumbani. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, ana haki hiyo.

Ile injini nyingine asiichukue kwa kusifiwa na muuzaji. Iwashwe mbele yenu ikiwa baridi, Kipimo aipime na wewe uisikilize, hilo sikio lako ndilo litapata kazi hapo. Kuifunga afunge Kipimo, na usimsimamie. Ila ile iliyokufa omba uishushe wewe. Bolti zake unazijua moja moja, uliifunga mara tatu, uitoe mara ya nne. Wakikunyima hata hilo, itikia na uende nyumbani.

Kuna neno moja kwenye barua yako lililoninyima raha siku mbili. Umesema tumelifanya sana. Yako wapi hayo magari, Fundi? Nani anayaendesha asubuhi hii, na anashuka nayo mteremko gani? Kaa chini ukumbuke kila lori uliloliwekea bati, wapigie simu wenye malori hayo, uwaambie wayarudishe uani kwako yafunguliwe. Wengine watakutukana. Piga tu.

Lakini kabla ya simu hizo, na kabla hujagusa geti, nenda kwa shemeji yako. Kaa karibu naye, muulize mkono unamuumaje. Kisha nyamaza, akusimulie mteremko ule tangu aliposikia injini inagonga hadi lori lilipogusa udongo, na kabla hajamaliza usimkatize.