Mwalimu Swichi na Barua Isiyo na Jina

Umetimia mwaka mmoja sasa tangu utuache, ndugu yetu, fundi umeme ambaye watoto wa watu walikuita Mwalimu Swichi. Uliondoka Jumanne asubuhi ukiwa umeinama kufunga kamba za viatu. Moyo ukasimama, chai yako ikapoa mezani.

Bado tunaitaja ile kalamu uliyokuwa ukiichomeka sikioni kisha ukaitafuta nyumba nzima. Tunataja na tabia yako ya kukagua soketi za kila chumba ulichokaribishwa kabla hujakubali kukaa. Miaka thelathini uliwasha taa za jukwaa katika ukumbi mkubwa wa mjini. Ulipostaafu, ukaomba upewe ukumbi wa shule ya sekondari kila Jumamosi ili ufundishe vijana kuangaza maigizo. Walikuja kumi na wawili. Mmoja wao alikuwa mpwa wako, binti wa dada yako mkubwa.

Kuna jambo hukuambiwa ukiwa hai, na leo dada yako ametuomba tukuambie.

Dada yako ni muuguzi, na unajua kazini kwake ameona nini. Amewahudumia mabinti walioumizwa na watu wa nyumbani mwao, watu waliosifiwa mtaa mzima kwa upole. Kwa hiyo siku alipopita shuleni akakuta madirisha ya ukumbi yamezibwa vitambaa vyeusi na mlango umefungwa, roho haikutulia.

"Mnafanya nini mle gizani?" alimuuliza binti yake.

"Tunajifunza taa."

"Taa mnajifunzia gizani?"

"Sasa mama, mchana kweupe utaionaje?"

Jibu lilikuwa na akili, lakini mwenye shaka haridhishwi na jibu lenye akili. Alianza kuchunguza. Alipekua mkoba wa mtoto akakuta vipande vya plastiki nyekundu na glovu moja kubwa ya kiume. Aliona kidole kimeungua, akaambiwa si kitu. Kisha jioni moja akamsikia akinong'ona kwenye simu: "Mjomba kasema tusimwambie mtu mpaka siku yenyewe."

Siri kati ya mtoto na mtu mzima ndiyo dalili ya kwanza waliyofundishwa kazini kuiogopa.

Angeweza kukuuliza. Mliishi nyumba moja, yeye ndiye aliyekubeba mgongoni ukiwa mdogo. Aliogopa kwamba ungekana, naye angekuamini kwa sababu ya mgongo ule ule. Akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane: CHUNGUZENI KINACHOFANYIKA UKUMBINI JUMAMOSI. Akaitumbukiza chini ya mlango wa mwalimu mkuu.

Darasa lilisimamishwa wiki tano. Mwalimu mkuu aliwaita watoto mmoja mmoja akawahoji. Majirani nao wakaanza kukusalimia kwa mkato, na mama mmoja alimvuta mwanawe upande wa pili wa barabara ulipopita. Ulirudi nyumbani ukakaa jikoni na kofia yako kichwani.

"Kuna mtu ananichimba," ulimwambia dada yako.

"Unamshuku nani?"

"Mlinzi wa shule. Tuligombana juu ya funguo. Mtu ninayemsalimia kila wiki, dada. Kikulacho ki nguoni mwako."

Dada yako akakumiminia chai.

Hukumsalimia tena mlinzi yule. Wazazi walipoona hivyo wakaunganisha yao, na haukupita muda akahamishiwa lango la nyuma, kwenye jua na harufu ya majalala, kwa kuwa ati ni mchonganishi. Mdhaniwa ndiye, kumbe siye. Dada yako alilijua hilo, akalinyamazia.

Watoto walihojiwa, hakikuonekana kibaya. Darasa lilipofunguliwa, wewe mwenyewe uliomba mlango ubaki wazi na viti vitatu viwekwe nyuma kwa mzazi yeyote anayetaka kukaa. "Aliyeandika alikuwa na haki ya kuuliza," ulisema. "Ila angeuliza nikimwona."

Wa kwanza kukalia kiti alikuwa dada yako. Ulifurahi sana. Hukujua kwamba alikuja kukuvizia.

Siku hiyo ulimketisha kijana mmoja kwenye stuli, ukammulika kwa tochi kutoka kidevuni. Wenzake wakacheka, amekuwa zimwi. Ukammulika kutoka utosini, macho yakageuka mashimo. Mwishowe ukasogea ubavuni, juu kidogo ya kichwa, na uso wake ukatulia kama wa mtu anayetaka kusema jambo.

"Huyu hajabadilika," uliwaambia. "Mimi nimehamisha tochi tu. Kabla hujafunga taa yoyote, amua unataka watu waone nini."

Kisha ukawaonyesha kwamba kila taa ya juu hufungwa mara mbili, kwa skrubu na kwa mnyororo, na kwamba ngazi haipandwi mpaka wawili waishike. Glovu ilikuwa ya kushikia taa zenye moto. Mpwa wako aliwahi kuishika moja kwa mkono mtupu, ukasimamisha somo zima mpaka kidole kikapoa kwenye maji. Zile plastiki ziliwekwa mbele ya taa ili zigeuze rangi. Na siri yenyewe? Mpwa wako alikuwa amepanga taa za onyesho la mwisho peke yake, akataka mama yake azione siku ya siku, nawe ukawaambia wote wasimwambie mtu.

Dada yako alikaa Jumamosi sita akitazama mikono yako inakwenda wapi. Jumamosi ya saba alijikuta anabishana nawe kuhusu rangi ya buluu, kwamba imezidi, kwamba mgonjwa wa kwenye igizo anaonekana ameshakufa. Uliipunguza. Ukasema, "Muuguzi kasema, nani atabisha?"

Onyesho lilikuja, akalia. Alikusudia kukuambia siku hiyo hiyo. Akaona usiharibikiwe furaha, akaahirisha, na akaahirisha tena. Wiki tatu baadaye ikawa ile Jumanne.

Mlinzi alikuja mazikoni. Alisimama mbali, wala hakuna aliyemkaribisha.

Mwezi uliofuata dada yako alimfuata kwenye lango la nyuma akamweleza yote. Yule mzee alivua kofia yake akaipangusa vumbi.

"Kwa hiyo alikufa akijua ni mimi."

"Ndiyo."

"Basi usije kuniambia mimi peke yangu. Mimi nilikuwa najua kwamba si mimi."

Dada yako alikwenda kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, na mlinzi amerudishwa lango la mbele. Lakini kwako hakuna ofisi ya kwenda. Umebaki ukurasa huu, wasomaji wakiwa mashahidi.

Ndugu yetu, aliyeandika barua ile hakuwa mlinzi. Alikuwa dada yako, aliyemwogopea mwanawe akakosa ujasiri wa kukutazama machoni. Hakuombi umsifu kwa kutubu. Anaomba umsalimie yule mzee kutoka huko uliko, kama ulivyokuwa ukimsalimia zamani.

Unakumbukwa na dada yako mkubwa, muuguzi, mpwa wako, ambaye sasa ndiye anayewafundisha wadogo zake kila Jumamosi, mdogo wako, dereva wa lori, shemeji zako, wanafunzi wako kumi na mmoja waliobaki, na mlinzi wa shule, aliyeomba atajwe pamoja na familia.

Maadamu tungali hai, tutakukumbuka.