Aliyeiba Hadithi Yako Hajui Mwisho Wake

Mpendwa wangu Baba Tumaini,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Unisamehe, wewe ulizoea kuniona mpole.

Hadithi yako imeibwa. Ile ya Mama Sekela, mjane wa kule Mwanjelwa, Mbeya, anayemtafuta mwanawe, uliyokuwa ukiituma sura baada ya sura kwenye kundi letu la wasapu mpaka ugonjwa ukakulaza. Kijana mmoja wa kundi lilelile anaitoa upya mtandaoni, jina lake juu. Mama Sekela amemwita Mama Shani, Mwanjelwa ameigeuza Kariakoo. Basi. Mengine yote ni yako, mpaka nukta.

Uvivu umemuumbua. Alisahau kuiacha baridi Mbeya. Mama Shani wake anaota moto mchana wa Juni, kajitanda blanketi, akiongea mdomo unatoa moshi. Watu wakamuuliza, "Kaka, hiyo Kariakoo ipo juu ya mlima gani?" Nilicheka, halafu nikalia. Blanketi lile lilikuwa langu.

Anadhani hadithi inaokotwa? Mimi niliiona ikitengenezwa. Nikimenya viazi vya chipsi, wewe uko nyuma yangu unasoma kwa sauti. Kisu kikisimama, sentensi inabaki. Kikiendelea, unafuta. Siku moja nikakuuliza, "Baba Tumaini, huyu mama umemuua tena?"

"Jana nilimuua vibaya," ukasema. "Nimemfufua. Hawezi kufa kwa uvivu wangu."

Nilimpigia huyo kijana. Akanijibu, "Shemeji, hadithi ni ya wote. Na kaka mwenyewe ndiyo hivyo, ameshatangulia." Ameshatangulia! Kana kwamba kufa ni kuacha mlango wazi. Angeniomba koti lako ningempa. Hadithi, hapana.

Sasa sikia ujasiri. Juzi kanipigia yeye, sauti ya asali. Wasomaji wanamdai mwisho, na hana, maana hukuwahi kuutuma. "Shemeji, hivi kaka alikuambia kama mtoto anapatikana?"

Nilimkatia simu.

Uliniambia, wodini, ukiwa huna hata nguvu ya kuandika. Sikuwa na kisu mkononi siku ile, ila nilijua mwisho huo unabaki.

Niko Iringa kwa mama, nauandika. Nafuta zaidi kuliko ninavyoandika, mgongo unauma, na hasira inaniharibia sentensi. Sikujua kazi yako ilikuwa nzito hivi. Nitautuma kwenye kundi letu, jina lako juu, na yeye ausome humohumo kama wengine.

Jana nilimsomea Tumaini ukurasa wa kwanza. Alikuwa anamenya viazi, kanipa mgongo. Akaendelea kumenya. Nikafuta, nikasoma tena. Akaendelea. Nikafuta.

Kisha kisu kikasimama.

Pumzika, mume wangu. Mama Sekela namrudisha Mwanjelwa.

Mkeo,
Mama Tumaini