Saa ya Ukutani na Vikombe Arobaini na Vitatu

Mpendwa mshauri,

Niwie radhi kwa kimya cha miezi saba. Najua umekiona, kwa sababu kabla ya hapo haukupita mwezi bila mimi kukuandikia kukusahihisha, mara umeweka mkato pasipostahili, mara umemkaripia mtu aya tatu kabla ya kumpa pole, na naamini barua zangu zilipokoma ulidhani nimekufa au nimeridhika. Sikufa wala sikuridhika. Niliacha kwa sababu nilitenda jambo ambalo mtu akilitenda hana tena haki ya kumsahihisha mwenzake, na sasa jambo hilohilo linataka kunipandisha jukwaani, kwa hiyo naomba msaada.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha lugha kwa miaka thelathini na minne, na tangu nistaafu nasaidia katika kituo cha vijana cha mtaani kwetu, ndani ya jengo lililokuwa ghala la rangi. Hata leo ukiegemea ukuta unaondoka na alama ya buluu begani. Vijana wanaokuja pale wametoka pande nyingi. Majumbani mwao husemwa lugha saba, wengine husali Ijumaa, wengine Jumapili, wengine hawajaniambia, na mwanzoni kila kitu kilikuwa ugomvi, wa huku wakisema wa kule wanapendelewa, wa kule wakisema wa huku ndio wanaopewa cherehani nzima, hata mpira ulipotoboka ilidaiwa kwamba umetobolewa kwa lugha fulani. Nikaleta sheria moja tu. Kila Jumamosi tunaanza saa tatu kamili kwa saa ya ukutani, simu zote zikiwa kapuni mlangoni, na atakayefika baada ya hapo, awe nani, ataosha vikombe vyote vya chai, navyo ni arobaini na vitatu. Nilisema siku ile kwamba sheria haina mjomba, na wamelikariri neno hilo hadi leo ili kunikera.

Mshauri, sheria hiyo ndiyo iliyowapatanisha. Walipingana katika mengine yote, lakini kwenye vikombe walikuwa wamoja, na ukimkuta kijana wa huku mikono imejaa povu na wa kule anamfutia vikombe huku akimcheka, ujue kazi imefanyika. Fundi wetu wa kuchomelea, mtu mwenye wajukuu, ameosha mara sita. Msimamizi wa kituo ameosha. Mimi sijaosha hata mara moja kwa miaka mitatu.

Sasa nikiri. Jumamosi moja, miezi saba iliyopita, nilipitiwa na usingizi baada ya alfajiri, mimi niliyewahutubia vijana nusu saa nzima juu ya hasara za kulala asubuhi, nikaamka nikatoka mbio nikivaa koti njiani, nikafika saa tatu na dakika nne. Vijana walikuwa uani wakipanga mabenchi, ukumbini hapakuwa na mtu. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikapanda kiti, nikairudisha saa nyuma robo saa, nikashuka, nikatoka, nikaingia tena kwa mlango wa mbele nikikohoa. Binti anayeshika daftari la wachelewaji, ambaye kwa ukali wake tunamwita Hakimu, akaja, akaitazama saa, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, kama kawaida yako." Nikamjibu kwamba kuwahi ni tabia, si bahati. Naam, nilisema hivyo.

Mchana simu zilipotolewa kapuni, saa ikaonekana iko nyuma. Aliyeigusa mwisho, kwa wanavyojua wao, ni binti mshonaji aliyekuwa na wiki tatu tu kituoni, ambaye lugha ya kwao hakuna mwingine pale anayeijua, kwani yeye ndiye aliyebadilisha betri siku moja kabla. Hakimu akaamua kwamba uzembe wake umewaokoa wachelewaji, basi aoshe vikombe Jumamosi nne. Binti hakujitetea, maneno hayakumtosha. Mimi yalinitosha, nikanyamaza. Tangu hapo wanamwita Fundi Saa, naye huitika na kucheka, lakini kabla ya kuitika hukawia kidogo, na mimi kila mara naona kule kukawia.

Jumamosi ya pili kutoka sasa kamati ya wakazi itakitunuku kituo hati ya heshima kwa kuwalea vijana wa asili mbalimbali chini ya sheria moja, na katika maneno yatakayosomwa kuna sentensi nzima kuhusu mwalimu ambaye hajawahi kuosha kikombe. Vijana wamemchagua Fundi Saa apokee hati hiyo kwa niaba yao. Kisha kamati ikatuomba sheria iwekwe kando siku hiyo, maana mgeni rasmi ni mtu mkubwa, naye huchelewa. Vijana wakagoma. Hakimu akanigeukia mbele ya wote, akasema, "Mwalimu, amua wewe. Wewe ndiye pekee mwenye mikono mikavu." Nikasema nitatafakari.

Nilimweleza mke wangu. Alicheka mpaka akaiweka chini sahani aliyokuwa akiifuta, akasema, "Mzee mzima, umeshindwa na kikombe?" Alipomaliza kucheka akaniuliza yule binti anaitwa nani hasa. Nilijikuta nalikumbuka lile la utani tu.

Basi nishauri: sheria iwekwe kando kwa ajili ya mgeni rasmi, au isiwekwe? Na kama una neno juu ya lile jingine, sema pia. Nitakuandikia nikishaamua.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mwalimu Mstaafu

MSHAURI ANAJIBU:

Mzee wangu, shikamoo. Nimekuamkia mapema, maana yanayofuata huenda yakanisahaulisha adabu.

Pole kwanza, kama ulivyonifundisha. Miezi saba ya kutazama saa kila Jumamosi ukijua unachokijua si adhabu ndogo, na mtu asiyejali asingeona binti anakawia kuitika. Pole imekwisha.

Umeniuliza juu ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi hajachelewa bado, mzee wangu. Aliyechelewa ni wewe. Umemweka mtu mkubwa mlangoni ili mimi nisimwone mtu mzima aliyepanda kiti. Na kosa lako si zile dakika nne. Hata mimi nimewahi kulala. Kosa lako ni Jumamosi nne za mtu mwingine. Wote tunajua kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, lakini wewe uliushika mpini ukamgeuzia meno binti mgeni asiye na wa kumsemea. Kituo chenu kinaheshimiwa kwa sababu mtoto wa yeyote anaweza kuamini kwamba hapo haonewi. Huyo mmoja alionewa, na wewe ndiye shahidi pekee.

Fanya hivi. Usisubiri sherehe. Najua ninyi walimu mnavyopenda jukwaa. Ukiungama siku ile mbele ya kipaza sauti, watu watakupigia makofi kwa ujasiri wako, na binti atakuwa amesimama pembeni na hati yake mkononi. Utakuwa umemwibia mara mbili. Kesho asubuhi, uliza jina lake, ulijue vizuri kama ulivyolijua jedwali la ngeli. Kisha mwendee yeye kwanza, na Hakimu awepo. Sema kwa maneno mafupi ambayo hata mwenye Kiswahili kichanga atayaelewa: saa niliigeuza mimi. Jumamosi hii waambie wote, na adhabu usijipangie, mwachie Hakimu. Akisema Jumamosi nane, usikate rufaa. Waandikie kamati waifute ile sentensi yako. Hao hawatauliza sababu, watafurahi hotuba imepungua.

Mgeni rasmi naye apelekewe ujumbe leo, kwa heshima, bila kumtega: kwetu mchelewaji huosha, na hata mwalimu anaosha. Akiwahi, vema. Akichelewa, atakukuta wewe kwenye beseni, umsogezee nafasi. Akikataa, hati itapokelewa vilevile.

Umeahidi kuniandikia ukishaamua. La kuamua halipo. Niandikie ukishaosha, hata kabla ya kujifuta. Barua yako ikifika na doa la maji sitakuuliza swali lolote, na hapo ndipo utakapokuwa na ruhusa ya kunirudishia ukurasa huu ukiwa na wino wako mwekundu. Mikato yangu imekukosa.