Mbuzi Wawili kwa Lulu

Jumatatu, 14 Julai
Nimeswali alfajiri, nimekama, nimewanyunyizia mbuzi dawa ya kupe. Ni watatu, ua wangu hapa Waberi, mtaa wa Garissa, hautoshi kwa zaidi. Lulu, paka wetu, naye alikuwa na kupe sikioni, wawili wanene. Nikamnyunyizia pia. Kwetu kila mnyama wa ua hupata dawa siku moja. Baba alifanya hivyo kule Masalani, hata punda hakuachwa. Paka huyu aliletwa na marehemu mke wangu, Habiba, akiwa bado hajafumbua macho. Sasa amekasirika. Amekaa juu ya kabati, anajilamba manyoya. Atapoa.

Jumanne, 15 Julai
Lulu anatetemeka. Mate yanamtoka. Alijaribu kurukia kiti, akaanguka ubavu.

Nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji aliuliza kama mgonjwa ni ngamia au ng'ombe. Nikasema paka. Wazee waliokaa kivulini wakacheka. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, paka hanunuliwi! Nenda pale hotelini, wamejaa chini ya meza, chagua." Nilikasirika, nikawapa mgongo.

Daktari wa mifugo, Sahra, nilimfundisha akiwa mtoto. Alikuwa porini kwa ngamia wa watu. Nilimpigia simu. Aliuliza Lulu amekula nini, amepakwa nini. Nikamtajia dawa ya kupe. Akasema, akiniita ami kwa Kisomali, "Adeer, mwoshe sasa hivi kwa sabuni. Rudia tena na tena. Dawa hiyo mbuzi humponya, paka humuua."

Nimemwosha. Mikono imejaa mikwaruzo. Ni mimi niliyemtia sumu.

Jumatano, 16 Julai
Sahra amefika asubuhi, viatu vimejaa vumbi. Amemtundikia Lulu dripu kwenye msumari wa kalenda. Degedege haikomi. Dawa ya kuituliza hapa Garissa haipatikani, kwa maana hapa hakuna anayemtibu paka. Nairobi kuna hospitali ya wanyama wa nyumbani. Alipiga simu mbele yangu. Wanataka malipo kwanza, ndipo wamguse. Ukiongeza gari la kukodi, gharama ni mbuzi wote watatu.

Leo ni siku ya mnada. Mbuzi wawili ni wangu. Wa tatu si wangu. Ni wa mjukuu wangu Hibaq; nilimtolea siku aliyozaliwa, kitovu chake kilipokatwa, kama ilivyo desturi yetu. Mnyama wa kitovu hauzwi na babu. Ni mtaji wa mtoto, na uzao wake ni wa mtoto.

Hata hivyo nilimpigia simu mwanangu Bishar, baba wa mtoto, aliyeko Tarbaj. Akasema, "Aabo, mbuzi wa kitovu wa binti yangu, kwa ajili ya paka? Watu watasema nini?" Ana haki. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha hivyo.

Niliuza wawili. Dalali aliuliza kama nina msiba. Nikasema hapana.

Fedha hazikutosha Nairobi. Zimetosha kununua dawa iletwe na basi, na kumlipa Sahra. Hakutaka kulipwa. Nilimlazimisha. Kazi ina ujira.

Alhamisi, 17 Julai
Basi lilichelewa. Dawa imefika alasiri. Sahra amemdunga sindano, na mtetemeko ukapungua, kisha ukaisha. Lulu alilamba maziwa kidoleni mwangu. Ulimi ni mkavu kama kitambaa.

Sahra hasemi atapona. Anasema, "Tusubiri, Adeer."

Nimekula chakula kwa mara ya kwanza tangu jana.

Ijumaa, 18 Julai
Amekufa kabla ya swala ya Ijumaa. Figo, kwa maelezo ya Sahra. Angekuwa Nairobi tangu Jumatano, huenda angepona, huenda asingepona. Nilimtaka aseme kweli, akasema hivyo.

Nimemfunga kwa shuka ya Habiba, ile ya bluu. Nimemzika nyuma ya jiko. Halafu nikaenda msikitini, nikachelewa hotuba.

Jioni Bishar alipiga simu. Alikuwa amemweleza mkewe, na mkewe amemgombeza. "Aabo, ungemuuza tu. Hibaq angepata mwingine." Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba nimekwisha kumzika. Aliuliza, "Paka anaendeleaje?" Ndipo nikamwambia.

Jumamosi, 19 Julai
Nimerudi dukani. Nimemtaka muuzaji amwambie kila anayenunua dawa ile kwamba paka asiguswe nayo. Akasema, "Bole, Mwalimu." Kisomali hakina "p", nami nimewasahihisha watu herufi hiyo maisha yangu yote. Leo niliitikia tu.

Mzee aliyenicheka Jumanne alikuwepo. Alisogea kwenye benchi, akanipa nafasi. Tulikaa.

Jumapili, 20 Julai
Mbuzi wa Hibaq amelia tangu asubuhi, anawatafuta wenzake. Nimemkama. Maziwa yamenizidi, nimempelekea jirani nusu.

Upepo una vumbi leo. Baada ya magharibi nimefunga mlango wa jikoni. Kwa miaka yote hii tuliuacha wazi kidogo, upana wa kiganja, Lulu apite. Umekuwa mgumu, bawaba zimeshika kutu. Nimeusukuma kwa bega.