Jiko Nililoliingiza Chumbani

Mama mpendwa,

Mulembe. Natumaini goti limeacha kukusumbua na kwamba mmemaliza kulima kabla mvua haijashuka. Sisi huku tuko hai, na leo neno hilo siliandiki kwa mazoea. Barua hii anakuletea mama mmoja wa kanisa letu anayekuja Mumias kuwaona wazazi wake. Ningekupigia, lakini simu yako huwekwa spika na hata kuku wa jirani wanasikia habari zangu. Hii isome peke yako, uvae miwani. Usimpe ndugu yangu Were akusomee.

Unaikumbuka ile Jumapili asubuhi nilipokupigia nikitetemeka? Mashine ya kupasha nyumba joto, ile wanayoiita fanesi, ilikuwa imezimika. Ukanicheka, ukasema hata huko kwetu Musanda mwezi wa saba ni baridi. Mama, huku Kanada nguo ya mtoto ukiitundika nje inakakamaa kama ubao. Fanesi ikifa, kuta zenyewe zinaanza kukutolea baridi. Baba Nanjala alikuwa kazini na gari alikuwa nalo yeye. Fundi niliyempigia alisema wenye shida ni wengi, atafika jioni. Nanjala ana miezi mitano tu, na vidole vyake vilikuwa baridi kama vya samaki. Nikaogopa.

Ukaniambia, "Kwani hamuna jiko? Sisi tunawekanga jiko kwa chumba mtoto akizaliwa. Washa huko nje, moshi ikiisha uingize. Mtoto asishike baridi ya bure."

Jiko tulikuwa nalo, lile la kuchomea nyama msimu wa joto. Nikaliwasha kwenye ngazi za mlango, nimevaa makoti mawili, nalipepea kwa kifuniko cha sufuria huku wapita njia wakinikodolea macho. Nikangoja kama ulivyonifunza mpaka moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu. Nikaliingiza chumbani. Halafu nikajiona mjanja, nikaziba chini ya mlango kwa taulo na dirisha kwa blanketi ili joto lisitoke. Ukutani kuna kidude cha kupiga kelele pakiwa na moshi au hewa mbaya. Hicho tulikitoa betri zamani, kwa sababu kililia kila nikikaanga omena.

Chumba kikapata joto zuri, Mama. Nilijisikia niko kwetu kabisa. Nanjala akanyonya, akalala, nikamshukuru Mungu. Kichwa kikaanza kuniuma, nikadhani ni uchovu. Nikataka kuinuka nichukue maji, miguu ikakataa. Nikamtazama mtoto, nikasema acha alale.

Fundi alikuja mapema kuliko alivyosema. Nilisikia akigonga, na nakumbuka nilitambaa kwenda kumfungulia. Alikuwa amebana kifaa kidogo kwenye koti lake, na alipokanyaga ndani tu kikaanza kupiga kelele. Hakuniuliza lolote. Alimnyakua mtoto wangu kitandani, akanishika mkono, akatuburuta mpaka nje kwenye theluji, mimi bila viatu, nikimfokea kwa Kiswahili asichokijua: "Unampeleka wapi mtoto wangu? Atakufa na baridi!" Kichwa cha Nanjala kilikuwa kimelegea. Nikamwita, kimya. Nikamwita tena, kimya. Sijawahi kuogopa hivyo maishani.

Hospitali walituwekea oksijeni, yeye na mimi. Alipolia, nililia kumshinda. Sasa ni mzima, ananyonya na kunivuta nywele. Muuguzi alinieleza polepole kwamba makaa mekundu, hata yasipotoa moshi, yanatoa hewa isiyoonekana wala kunuka, na chumba kikifungwa hewa hiyo inaua watu wakiwa usingizini. Mtoto mchanga ndiye hutangulia. Aliye karibu na upenyo wa mlango anaweza kupona, akaumwa kichwa na kutapika tu. Baba Nanjala aliposikia alikaa sakafuni. "Na si sisi wote tulilelewa hivyo?" akasema. Nikamwambia ndiyo, lakini chini ya paa la nyasi, upepo ukiingia kila upande.

Mama, usianze kulia. Siandiki kukulaumu. Naandika kwa sababu tangu siku hiyo namwaza ndugu yangu Makokha.

Nilikuwa na miaka sita. Tulikuwa tumehamia Shieywe, kile chumba cha simiti cha kupanga chenye dirisha moja, na ulikuwa mwezi wa saba. Makokha alikuwa na wiki tatu. Nakumbuka jiko katikati ya chumba. Mimi nililala mlangoni, nikaamka natapika, na wewe ulikuwa umekishika kichwa chako kwa mikono miwili. Makokha hakuamka. Siku iliyotangulia senge, dada ya Baba, alikuwa amekuja kumwona, akambeba, akamsifu kwa unono wake. Watu wakasema ana jicho baya, nasi tukaamini. Hata tulipomzika Baba, kaka yake mwenyewe, senge alisimama nje ya boma.

Sina hakika, hakuna aliyepima hewa ya chumba kile. Lakini naogopa kwamba senge hakufanya kitu. Na naogopa zaidi kwamba ukishasoma hapa utajigeukia mwenyewe. Usijigeukie, Mama. Ulikuwa unampasha mtoto wako joto, kama mimi na wangu. Tofauti yetu ni kwamba mimi niligongewa mlango.

Nisalimie Were, na umwambie mke wake akijifungua jiko libaki nje, kwa maana nyumba yenu siku hizi ina dari na vioo. Msalimie kukhu, nyanya yangu, umkumbatie kwa niaba yangu, na mchungaji aendelee kutuombea.

Na safari hii msalimie senge. Tangu nijue kuandika sijawahi kumtumia salamu. Mpelekee wewe mwenyewe, ukiweza. Mwambie siku tutakayokuja nyumbani, nikishuka tu, yeye ndiye wa kwanza nitakayempa Nanjala ambebe.

Mwanao anayekupenda,
Nekesa