Anachosikiliza Justa

Nyegezi, Mwanza.
10 Agosti 1994

Mpendwa Kaka Revocatus,

Shikamoo. Natumaini umzima, wewe na wifi Queen na watoto. Kifua je? Vumbi la huko Nyarugusu nalijua, na wewe kunywa dawa ni mpaka usukumwe. Sisi hatujambo, ila mimi usingizi umenipaa.

Mama anaendelea vizuri. Sangara wote wanakwenda viwandani siku hizi, kwetu yanabaki mapanki, yaani vichwa na mifupa. Tunayakaanga na kushukuru.

Kaka, kuna jambo linanikosesha raha. Darasa langu la pili lina watoto wengi kuliko madawati, na tangu baba zao wapunguzwe kazi, wamekuwa watu wa kupigana na kulia ovyo. Kwenye semina ya walimu sista mmoja alitufundisha zoezi la utulivu: mtoto anafumba macho, anaweka mkono tumboni, anafuata pumzi yake, kisha anasikiliza sauti za karibu na za mbali. Nikalijaribu. Mwanzoni walicheka sana, mmoja akakoroma makusudi. Baadaye wakalizoea, ngumi zikapungua, nami nikajiona mwalimu kwelikweli.

Anayelipenda kuliko wote ni Justa, binti wa Luhaga. Baba huyo alipopunguzwa kazi alivuka kivuko cha Busisi kwenda kutafuta dhahabu huko kwenu Geita, na tangu Pasaka hajaleta neno. Justa alikuwa mtundu. Sasa anakaa kimya darasani, kimya mapumziko, kimya hata nyumbani chakula kikiwa kimepakuliwa. Mama yake, Getruda, amekuja kunishukuru. Mwalimu Mkuu naye kafurahi. Ijumaa anakuja mkaguzi, shule nzima itafanya zoezi uwanjani, na Justa ndiye atakayekaa mbele awe mfano.

Jana nilimkuta nyuma ya darasa, kafumba macho, mkono tumboni, wenzake wanaruka kamba. Nikamwambia akacheze. Akaniuliza, "Mwalimu, Ijumaa shule nzima ikinyamaza, nitasikia mpaka Geita?"

Mimi ndiye niliyewaambia wasikilize sauti za mbali. Kumbe mtoto hajatulia hata kidogo, anamsikiliza baba yake. Nikamkumbatia.

Nimemwomba Mwalimu Mkuu asimweke mbele. Amekataa, anasema nataka kuharibu kizuri nilichokitengeneza mwenyewe. Getruda sijamwambia, naogopa. Kila nikisikia shimo limefukia watu huko, nauliza majina yao.

Nakuomba, Kaka, muulizie Luhaga mashimoni na kwa mama lishe. Ni mrefu, ana kovu kidevuni, na hucheka kwanza ndipo aongee. Ukimpata, aandike hata mistari miwili. Na kama mambo ni mengine, usinifiche ukadhani unanihurumia. Majibu mpe kondakta wa basi, posta itachelewa.

Wasalimie wifi, Kija na Alexander, waambie shangazi anawakumbuka. Mama anawaombea kila jioni, Mungu awaepushe na mabaya yote.

Kuhusu Ijumaa nimeshaamua. Mkaguzi akifika, nitawaimbisha watoto kwa nguvu zao zote, Mwalimu Mkuu anune atakavyo. Siwezi kumfumbisha Justa macho, shule nzima ikamnyamazia, halafu asisikie kitu.

Mdogo wako akupendaye,
Teodora